Ufagio Uliofika Baharini

Nikifumba macho mchana, hasa nikishiba wali, narudi ufukweni Amborovy bila nauli. Ndege inashuka kuelekea uwanjani, kivuli chake kinapita juu ya miguu yetu, na mama anauliza kama alivyouliza kila Jumapili, "Hao wanakwenda wapi, na pazuri ni hapa?" Mchanga chini ya mgongo wangu ni laini, hauna jani wala kijiti. Miaka ya sabini ilikuwa ikielekea ukingoni, nami nilikuwa mtoto wa Tanambao, pale Mahajanga. Niliamini kabisa kwamba peponi nako kumefagiliwa.

Baba alikuwa seremala. Alijenga ufukweni kibanda cha mbao, vyumba viwili na baraza inayotazama maji, akamwambia mama, "Hiki chako. Mimi nitakuja kama mgeni." Tulikwenda kila Jumapili na likizo zote. Mama aliingia baharini na leso zake mbili, akalala chali juu ya maji, macho ameyafumba, mpaka tuchoke kumwita aje kula. Sikumwona mahali pengine popote akiwa hana haraka.

Lakini kabla ya maji, ufagio. Kwetu sisi tuliotoka Ngazija mwanamke anajulikana kwa ua wake, na wageni huutazama mchanga kabla hawajamtazama mwenye nyumba. Mama na dada zake walifunga mafagio yao ya chelewa kwa kifundo kimoja walichofundishwa na bibi, kamba inazungushwa mara tatu kisha ncha inafichwa ndani. Mama alifagia mbele, akafagia nyuma, akateremka akifagia mpaka maji yakamlowesha vidole. Mwani uliotupwa na bahari aliukusanya akauchoma. Yale majani yanayotambaa mchangani, yenye maua ya zambarau, aliniachia mimi, nami niliyang'oa na mizizi yake. "Huyu ana mkono mwepesi," aliwaambia dada zake, na kichwa kikanivimba wiki nzima.

Nilipokua niliolewa kisiwani Nosy Be, katika nyumba ambayo nayo mlango wake wa nyuma unafungukia ufukweni. Asubuhi ya kwanza niliamka kabla ya wote, nikashika ufagio ili wajue nimelelewa. Nilimaliza ua, nikateremka ufukweni, nikang'oa kila kilichotambaa. Mama mkwe alitoka, akatazama. Alichuchumaa, akaanza kuyafukia yale majani upya, shina moja moja, na mimi nimesimama na ufagio wangu kama askari aliyekosea kambi.

"Mwanangu," akasema hatimaye, "ua ni wetu, ufagie mpaka ung'ae. Kuanzia kwenye ule mti wa mkungu kwenda chini ni pa bahari. Majani haya ndiyo yanayoushika mchanga. Ukiyatoa, mchanga unakwenda zake, na nyumba inaufuata."

Niliitikia vizuri, macho chini. Moyoni nikasema, wavivu hawa wamejitafutia sababu. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyosema.

Miaka ilipita, nikapazoea. Kulikuwa na njia moja nyembamba katikati ya kijani, na watoto wangu hawakuruhusiwa kukanyaga nje yake. Tuliifuata asubuhi, mguu mbele ya mguu, umande ukitulowesha, tukaingia majini na kukaa humo mpaka vidole vikanyauka. Kila mvua zilipokwisha, ufukwe ulikuwa pale pale tulipouacha.

Baba alipofariki, mama alihamia kibandani Amborovy moja kwa moja. Nilikwenda kumtazama, nikakuta mchanga umekatika mbele ya nyumba kama mkate uliokatwa kwa kisu. Ngazi ya baraza haikuwepo tena. Nguzo moja ilining'inia, haikugusa kitu. Msimu mmoja tu wa vimbunga, na kazi ya baba ingekwenda na maji.

"Bahari imenichukia," mama akasema.

Nilijua. "Mama, si bahari. Ni ufagio."

Nyumbani tulizungumza Kimalagasi. Kingazija kilimtoka mama alipokasirika, na siku ile kilimtoka chote. "Nimekuzaa ili uje unifundishe uchafu? Unataka watu waseme mimi, sasa nimebaki peke yangu, nimeshindwa na ua wangu?"

"Na mimi ndiye niliyeyang'oa majani," nikasema, nikaanza kulia, mtu mzima mwenye watoto.

Kesho yake, ningali nimelala, nilisikia ufagio ukiteremka kwenda majini kama kawaida. Nilirudi Nosy Be nimekata tamaa.

Mwaka uliofuata nilikuja tena, na gunia la vipande vya majani yale, nimeyafunika kwa leso mbichi. Nilizunguka upande wa bahari, nikasimama. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imefungwa kwenye vijiti viwili, hatua chache kutoka barazani. Upande wa huku mchanga ulifagiliwa ukalainika. Upande wa huko mwani ulikuwa umelala ulipotupwa, na majani makavu, na shina moja la kijani lililoanza kutambaa lenyewe.

"Mkono wangu hauna akili," mama akasema, haniangalii. "Ukianza kufagia hausimami. Nimeuwekea mpaka."

Tulipanda gunia zima pamoja. Mvua zilikuja na kupita, mwaka baada ya mwaka. Mchanga ulirudi kidogo kidogo, ukaifikia ile nguzo, ukaifunika mguu. Na mama aliendelea kuelea chali mchana, mzee sasa, leso zimetanda majini.

Siku tuliyomzika, wanawake walikuja kutoka mitaa ya Tanambao na Ampisikina na mafagio yao, kama inavyopasa kwenye msiba. Walifagia mbele, wakafagia nyuma, wakafika kwenye kamba. Mama mkubwa, dada yake mama, akaiinua ili apite.

"Hapo basi!" nikapaza sauti. Sijawahi kumpigia mkubwa kelele, kabla wala baada.

"Leo?" mama mkubwa akauliza. "Hata leo tumwachie uchafu?"

"Kamba hiyo kaifunga mwenyewe."

Hakuniamini. Alikwenda kwenye kijiti, akakipapasa kile kifundo, akahesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akaitafuta ncha iliyofichwa. Kisha akauweka ufagio chini, upande wetu wa kamba, akakaa mchangani akamlilia mdogo wake.