Sweta la Kijani

Nisamehe kwanza mwandiko. Niliacha shule darasa la saba, naandika polepole na kufuta sana. Herufi nyingine itabidi ukisie.

Juzi Bibi alinituma mjini nikahesabu ngazi za makumbusho. Mwenzake wa kanisani alimwambia kuna maonyesho ya wachoraji weusi wa hapa Durban, na katika picha moja ameuona uwanja wetu wa zamani, wa mtaa wa Clairwood. Bibi anataka kwenda Jumamosi. Kifua chake hakiwezi ngazi nyingi, ndiyo maana nikatangulia.

Picha ni kubwa kama geti. Niliitambua kwa mbali, kwa rangi ya moshi tu.

Rafiki, uwanja ule ulikuwa na vyumba vinne vya mabati na bomba moja la maji. Mbele yetu malori yalipanga foleni ya kwenda bandarini. Bibi alikaanga vitumbua tangu alfajiri, mimi nikiosha vikombe.

"Mama, iko chai?" dereva mmoja Mkongo aliuliza kila siku.

"Iko, ila sukari uliimaliza jana peke yako."

Uwanja mzima ulinukia iliki. Lakini upepo ukigeuka kutoka viwanda vya mtaa wa Jacobs, harufu chungu iliingia hadi kwenye unga. Bibi alifunika beseni haraka na kusema, "Upepo huu una jambo."

Ng'ambo ya barabara aliishi jirani Mzulu, mchoraji, mtu mpole aliyechora juu ya mbao za makreti. Sisi tulikuwa na miezi miwili tu katika mji huu. Kizulu changu kilikuwa neno moja la salamu, sawubona.

Siku ile nilitoroka shule mchana, kwa sababu mwalimu alitaka nisome kwa sauti mbele ya darasa. Nilikaa kimya nje ya mlango wetu. Ndani Bibi alikuwa amelala, hakujua nimerudi. Ghala la nyuma yetu likaanza kutoa moshi wa manjano, uliotambaa chini bila sauti, kama maji.

Mchoraji akatoka kwake akikimbia, ananyooshea mkono mlango wetu. "Vuka! Vuka!"

Nikavuka. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto, kama tulivyofundishwa, nikasimama kando yake nikingoja anisifu. Alinitazama, akautazama mlango, kisha akakimbilia kwetu.

Kwa Kizulu, vuka ni amka. Alitaka nimwamshe Bibi.

Alimtoa amembeba mgongoni. Bibi alipona, ila kifua hakikurudi kuwa kilekile. Hospitalini aliniuliza nilikuwa wapi.

"Shuleni."

"Afadhali. Ungekuwepo ungeniamsha."

Mpaka leo, akikohoa sana, huyarudia maneno hayo kwa wageni, akinisifu.

Kwenye picha, moshi unatoka chini ya mlango wetu. Upande huu wa barabara amesimama mtoto mwenye sweta la kijani la shule, mikono ameishusha vizuri, ameupa mlango mgongo. Chini pameandikwa neno moja: Vuka.

Mlinzi wa makumbusho alinisogelea. "Eish, huyo mtoto ananitisha," alisema kwa Kiingereza. "Kila nikipita naona kama anataka kugeuka."

Nikatoka, nikashuka nikizihesabu ngazi.

Uwanja wenyewe haupo tena. Bomba limeng'olewa, pamepangwa makontena, na hakuna anayekaanga kitu pale. Nilidhani siku ile imeondoka pamoja na mabati. Kumbe kuna mtu aliyeikumbuka hadi vifungo vya sweta langu.

Ngazi ni kumi na moja, na katikati pana mahali pa kupumzikia. Bibi anaweza kuzipanda. Ameniuliza mara mbili, nami nimesema nilisahau kuhesabu. Sasa hivi, ninapoandika, anapiga pasi kitenge chake cha kanisani, anaimba kidogo, anakohoa, anaimba tena.

Kama na wewe uliwahi kumficha jambo mtu anayekupenda, niandikie ulimwambiaje. Hata mistari miwili inatosha. Ila nijibu kabla ya Jumamosi.