Mahari Niliyorudi Nayo

Mimi ni mtu wa maneno, na sijisifu kwa hilo, maana maneno ndiyo yaliyoniponza. Harusi ikikosa msemaji, naitwa mimi. Kikao kikipoa, nainuliwa mimi. Kwa hivyo nilipoanza kujitolea siku za Jumamosi, katika kikundi kidogo cha Mji wa Kale kinachowasaidia watu wazima wenye ulemavu, nilidhani wameokota lulu. Kusema kweli, walichokitaka kwangu ni gari ambalo buti lake linaingia kiti cha magurudumu.

Nilipewa bwana mmoja mwenye duka la kanga Biashara Street, ambaye miguu yake ilipooza tangu utotoni. Kazi yangu ilikuwa kumpeleka anakotaka: hospitali, sokoni Marikiti, kwa fundi wa viti, na mara nyingine Liwatoni kununua samaki, ambako alikuwa akibishana bei na wavuvi mpaka naona haya kusimama naye. Ulimi wake ulikuwa mkali. Siku ya kwanza nilimwita "ndugu yangu mpendwa", kwa sauti ile tunayowasemea wagonjwa. Akaniuliza kama nina homa.

Tukazoeana. Siku moja, nikimsogeza kutoka kitini kuingia garini, akaniambia kuwa anataka kuoa. Mwanamke mwenyewe nilikuwa nikimwona dukani: mtalaka, hana mtoto, ananunua kanga kwa jumla na kwenda kuziuza Likoni. Kila wakikutana walikuwa wakizozana. Kumbe ndani ya mizozo ile walikuwa wamekwisha kubaliana, na kilichobaki ni kwenda kwao kuposa. Babake bwana huyu ni marehemu, ami yake yuko Lamu na hawezi safari, na kwetu mchumba hajiendei mwenyewe. Huenda watu wake. Akanichagua mimi, pamoja na mzee jirani yake wa duka. Nilifurahi, wallahi, kama niliyepewa cheo.

Maagizo yake yalikuwa mafupi. Niseme yeye ni mtoto wa nani, ana duka, ana nyumba, na mahari aliyotenga ni haya. Akanikabidhi bahasha ili wakwe waone kuwa si maneno matupu.

"Hayo tu," akaniambia. "Usitie chumvi."

Nyumba ya kina mwanamke iko Mji wa Kale, ghorofani, na ngazi zake za mbao zimesimama wima. Tulikaribishwa vizuri, kahawa ikaja na halua. Babake alikuwepo, na ndugu zake wawili wa kiume. Nikasema yale niliyotumwa, na watu wakaitikia kwa vichwa. Nilipoongeza habari ya miguu, ambayo sikuagizwa, wale ndugu wawili wakatazamana. Wangetazamana tu wakaacha, lakini mimi nikaona hapa sasa panahitaji fundi. Mzee jirani akataka kusema neno, nikamtangulia.

"Mabwana," nikawaambia, "najua si jambo jepesi kumtoa binti yenu kwa mtu kama huyu. Lakini mtihani ni wa Mungu, na atakayemsitiri kiumbe dhaifu, thawabu yake haina kipimo."

Mzee jirani akakohoa. Nikadhani kahawa imempalia, nikaendelea. Nilisema juu ya upweke wake, juu ya kuinuliwa na kulazwa, juu ya nani atamtazama akizeeka. Mengine niliyabuni papo hapo, maana yule bwana hulala na kuamka bila kusaidiwa na mtu. Sauti yangu ilitetemeka pale ilipotakiwa itetemeke. Baba wa mwanamke akafuta macho. Akasema, kwa ajili ya Mungu, wamekubali. Kisha akanirudishia bahasha: mtu kama yule hatozwi, mahari wamemsamehe. Nikamshukuru, nikaitia mfukoni.

Njia nzima yule mzee hakunisemesha. Nikaona ni uzee.

Nilipofika dukani, rafiki yangu alikuwa akikunja kanga. Nikamhadithia yote, na hotuba nikairudia kwa sauti ile ile, mikono ikicheza. Akanisikiliza bila kunikatiza mpaka nikamaliza na kuweka bahasha mbele yake. Ndipo akaniambia kuwa mwanamke alikuwa amekwisha mpigia simu. Alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia, na amesikia kila neno.

"Nilikutuma ukaniposee," akasema. "Wewe umekwenda kuniombea sadaka."

Nikaanza kujitetea, kwamba si wamekubali? Akaniambia mwanamke yeye hakubali. Amesema mambo yakibaki hivi, basi. Hawezi kuingia katika nyumba ambayo siku ya ugomvi wa kwanza ndugu zake watamwambia mumewe kuwa tulikupa bure. Mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Babake hakuwa na ruhusa ya kuyasamehe, wala mimi kuyapokea. Kwa hotuba moja nilikuwa nimemfanya huyu ombaomba na yule kitu cha kugawa.

Laiti ningeona haya pale pale. Nilikasirika. Niliondoka nikijisemea kuwa shukrani ya punda ni mateke, nikaendesha gari mpaka nyumbani Kizingo nikipiga honi bila sababu, nikamshtakia mke wangu. Nilingoja anipoze. Yeye akaniuliza watu wangu walisema nini siku walipokwenda kwao kumposa.

Nilikumbuka. Walisema ukoo, walisema kazi, walisema mahari. Hakuna aliyesema kuwa nina hasira za karibu, kwamba nakoroma, kwamba kazi ile nilikuwa nimeipata jana. Hakuna aliyewaomba wanihurumie.

"Wangeniambia nakuchukua kwa thawabu," mke wangu akasema, "ungeoa jiwe."

Usiku ule aibu iliniingia polepole na ikakaa. Nilijiona vile nilivyokuwa nimekaa pale kwenye zulia la watu, nikilia machozi ya kuazima juu ya mtu ambaye mwezi mzima uliopita ndiye aliyekuwa akinichekesha mimi. Nikajiuliza Jumamosi zote zile nilikuwa nikimsaidia nani.

Nilikwenda kumwomba radhi. Hakunikumbatia wala hakunifukuza. Akasema atakwenda kujisemea mwenyewe, desturi imwie radhi, lakini zile ngazi hawezi.

"Leo nataka miguu yako tu," akaniambia. "Mdomo uache ndani ya gari."

Nikambeba mgongoni. Mikono yake ilinikaba kifuani, pumzi yake shingoni mwangu, kutoka chini mpaka juu. Nikamkalisha, nikakaa karibu na mlango pamoja na viatu. Akajitaja, akataja duka na nyumba, akaweka bahasha. Babake mwanamke, kwa upole wote, akaisukuma nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwisha wasimulia watu msikitini, na kila mtu alimwombea dua. Atarudi vipi nyuma? Akamwambia ajiwekee mwenyewe, yeye ana haja zaidi. Rafiki yangu akaniangalia mara moja tu. Nilitamani sakafu ile ya mbao inimeze.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, wala haikupanda.

"Baba, mahari ni yangu, na hukuniuliza ulipoyasamehe. Nayataka yote hayo, na jozi ya bangili za dhahabu juu yake."

Ndugu mmoja akasema dada ana wazimu, mtu mwenyewe hali yake si mwaiona. Lakini rafiki yangu, ambaye hajawahi kumtolea mtu kitu bila kubishana, akajibu kuwa bangili zitakuja kabla ya Ijumaa. Zikaja.

Siku ya nikaha msikiti ulijaa, maana habari ilikuwa imeenea. Watu walinipa mkono mlangoni, wananiambia Mungu atanilipa kwa kumfaa yule maskini, na kila mkono niliupokea kama makaa. Mahari yakatajwa mbele ya watu, fedha na bangili, na kikapita kinong'ono. Aliyekaa kando yangu akaniinamia, akaniuliza vipi watu hawana huruma, kumtoza hivyo mtu kama yule.

"Mtu kama nani?" nikamuuliza.

Akageuka mbele. Na mimi sikuendelea, kwa sababu alichotaka kusema nilikijua. Nilikuwa nimekisema mimi kwanza, kwa sauti nzuri kuliko yake, na watu wakalia.