Kurasa Alizozikata Bi Mkasi

Pale ofisini walimwita Bi Mkasi, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuchukua shajara walizoandika watu mashuhuri utotoni na kuzitengeneza ziwe vitabu vya watoto. Miaka ishirini na mbili alikata bila huruma. Mtoto akilia kwenye shajara, kata. Akimpiga mdogo wake, kata. Hata mashujaa wote wakatoka na tabia moja, wameoga na kuchana nywele.

Ofisi ilikuwa na sharti lake: ukurasa hauendi mtamboni kabla mtoto hajausikia. Kwa hiyo Jumamosi alasiri Bi Mkasi alimketisha mjukuu wake kwenye meza ya jikoni, akamsomea shajara ya jaji wa kwanza mwanamke. Moyoni alikuwa na lake pia. Mtoto huyo wa miaka tisa, aliyekuwa akimlea mwenyewe, alifunga mdomo tangu shule zilipofungwa wiki iliyopita. Ripoti nayo, kila akiulizwa, alisema haijatoka. Bibi alikuwa hapati raha.

"Leo nimeamka mapema, nikadurusu," akasoma.

"Na kesho yake, Bibi?"

"Akadurusu tena."

"Huyo hachoki?" Mtoto akasukuma kikombe chake. "Basi mimi siwezi kuwa mtu."

Maneno hayo yalimchoma Bi Mkasi. Jamani, miaka tisa na ameshajikatia tamaa! Tena kwa kazi ya mikono ya bibi yake. Akafungua bahasha ya kurasa zilizokatwa, akachambua mpaka akaupata mmoja, akausoma kama ulivyo.

"Nimekuwa wa mwisho darasani. Mama kaniuliza ripoti, nikamwambia mwalimu anaumwa, hajaandika."

Mjukuu akaacha kubembeza miguu. "Jaji alidanganya?"

"Mchana kweupe."

"Akachapwa?"

"Hasemi. Kesho yake kaandika habari za paka."

Mtoto akacheka, mara ya kwanza wiki nzima. Kisha kicheko kikakatika. Akainama, akavua kiatu cha kushoto, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane. Siku zote hizo alikuwa akiikanyaga.

"Bibi, na mimi..." Akamsukumia karatasi.

Bi Mkasi akaikunjua, akainyoosha kwa kiganja. Alama zilikuwa mbaya, mbaya kwelikweli. Akampakata mtoto, akasoma kwa sauti kuanzia juu hadi sahihi ya mwalimu, wala hakuruka hata somo moja.