Mama Amenikana Mbele ya Afisa ili Nisifungwe

Admin, nifichie jina tafadhali, na kiwanda ninachofanyia kazi usikitaje. Wenye matusi wapite kimya, leo sina pa kuyaweka.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Sasa niko huku Tanzania, nimepanga chumba mtaa wa Likombe, nabangua korosho kiwandani. Kijiji chetu kilipochomwa tulikimbia kila mtu na njia yake. Mimi nikavuka mto hadi kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania, kwa mama mdogo, aliyeolewa huko siku nyingi. Mama mzazi sikujua kama yu hai.

Maafisa walipopita kuulizia wageni, mama mdogo hakupepesa macho. "Huyu mwanangu, alikuwa kwa bibi yake." Kwetu hilo si uongo, mtoto wa dada yako ni wako, na ukimtenga watu watakushangaa. Lakini serikali inataka mama aliyekuzaa, na mimi hilo nililijua nikanyamaza. Niliogopa kambi. Nikapata kitambulisho cha Mtanzania, nikapata kazi. Baadaye sana mwenzangu kiwandani akaniambia mkimbizi aliyejiandikisha anaweza kuomba kibali cha kukaa kwa muda, hata cha kazi. Nikacheka kwa uchungu. Maji yalishamwagika.

Sasa mama amevuka. Yuko na wakimbizi wenzake pale wanapoandikishwa, presha inampanda, miguu imevimba. Imetangazwa kwamba mwenye ndugu ajitokeze kumpokea, wasio na mtu watapelekwa kambini, mbali kabisa na huku. Mama mdogo anaogopa kumtambua dada yake, maana maswali yakianzia kwake yataishia kwangu.

Nilishindwa kuvumilia. Juzi nikachemsha ming'oko, vile viazi vya porini, nikaenda nikijifanya mtu wa kutoa sadaka. Nilipomwona mama machozi yakanitoka. Amekonda, hata kanga aliyojifunga si yake. Afisa, kaka mpole tu, akaona ninavyolia. Akamgeukia mama: "Bi mkubwa, huyu binti ni nani yako?"

Nilifungua mdomo niseme. Wallahi nilikuwa nasema. Mama akaniwahi.

"Simjui, baba. Katuletea chakula tu, Mungu ambariki."

Akapokea bakuli kwa mikono miwili, akaniambia, "Asante, dada." Mama yangu mzazi! Kumbe mama mdogo alishampenyezea habari kupitia mtu, kwamba nikigundulika tutafungwa mimi na yeye mama mdogo. Nilitembea hadi barabarani sioni mbele.

Mama mdogo ananiambia, "Mwache aende. Ukifungwa wewe, yeye atapata faida gani?" Namshukuru na kumchukia kwa wakati mmoja. Ana watoto wadogo, na nikisema ukweli nitamtia matatani mtu aliyenipokea nikiwa sina hata kandambili. Nikinyamaza, kesho asubuhi mama anapandishwa gari, mgonjwa, hana wa kumchotea maji, na mimi nabaki na kitambulisho changu kizuri.

Wanaojua sheria, naombeni mnijibu. Mtu akijisalimisha mwenyewe anaweza bado kuombewa kile kibali cha muda, au ni jela moja kwa moja? Na mama mdogo je, atasalimika?

Nishaurini ndugu zangu, kabla gari halijaja. Nikifika pale kesho, nimwite mama, au nimpungie mkono kama mpita njia?