Mkono Haukufika Sikioni

Jumatatu, kwenye ofisi ya mafao mjini Tarime, nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi karibu na machimbo.

"Shikamoo mama," karani alisema.

"Marahaba. Mwanangu, ni kweli wanaongeza umri wa kustaafu?"

"Ndivyo tunavyosikia. Wakiongeza, utangoja zaidi."

"Ningoje tena? Hata huo umri mlioandika si wangu. Nilipopelekwa shule, mkono ulipitishwa juu ya kichwa, haukugusa sikio la pili. Nikarudishwa nyumbani. Ulipokuja kugusa nina miaka tisa, mwalimu akaandika saba."

"Mama, sisi tunafuata kilichoandikwa."

"Tangu dhahabu ilete watu, darasa langu limejaa hadi mlangoni. Na hili bega limekwisha kwa kuandika ubaoni. Nitafika kweli?"

Akainua mkono kutuonyesha walivyopimwa. Ulifika kwenye paji la uso, ukashuka. Karani akaangalia kompyuta yake. Foleni nzima tukaangalia sakafu.

Kwa kipimo kile, mama huyu hajafikisha hata umri wa kuanza shule. Na sisi tunataka aendelee kufundisha.