Sahani ya Mume wa Wajane

Donatus Jilala, fundi baiskeli wa Nyahanga, alikuwa mwanachama wa chama cha santuri cha Nairobi, na santuri yenyewe hana. Ndiyo, hana! Gazeti lilitangaza kwamba kila mwanachama atatumiwa kwa posta sahani moja ya muziki kila mwezi, naye akaona habari ya kuipigia wapi ingejulikana baadaye.

Fomu ilipofika, iliuliza jina la mwanachama. Hapo ndipo alipoteleza. Kwetu mtu akiingia chama cha ngoma hupewa jina la ngoma, la ubatizo huliacha nyumbani. Donatus hakudhani Nairobi wana desturi nyingine. Akaandika kwa herufi kubwa jina alilotamba nalo kwenye viwanja vya ngoma miaka saba, mpaka Kagongwa: MUME WA WAJANE. Anwani akaweka sanduku la misheni, kama tulivyofanya sote.

Barua za misheni zilisomwa baada ya misa. Jumapili hiyo Donatus alikuwa nyuma ya Mama Klara, mjane mkali ambaye Jumamosi iliyofuata angepokea washenga wa Donatus, wa kumposea binti yake Klara. Mama huyo alikwisha sema wazi kuwa bintiye hampi mcheza ngoma. Donatus alikuwa amejitambulisha kama mwanakwaya, basi.

"Kifurushi cha Nairobi," katekista Athanas akasoma, akafuta miwani, akasoma tena. "Cha Mume wa Wajane."

Kanisa likaangua kicheko. Wachezaji wenzake wote wakageuka kumtazama.

"Mwenyewe yupo? Asipojitokeza, kesho kinarudi posta!"

Miezi mitatu alikuwa amekisubiri kifurushi hicho! Miguu ilimwasha kusimama. Akamtazama Klara, akaushika ubao wa benchi kwa mikono miwili, akabaki amekaa. Roho ilimuuma kweli.

Mama Klara akainuka.

"Mwalimu, mjane si mimi hapa? Kama mume wangu kaletewa mzigo, nipe nimtunzie."

Watu walicheka hadi wakashikilia mbavu. Mama akakipokea kifurushi, akamgeukia Donatus, ambaye alikuwa akitafuta pa kujificha.

"Shikamoo, mama," alijikuta akisema.

"Marahaba. Kagongwa nilikushangilia mpaka kitenge kikanidondoka, unadhani sikujui? Nilitaka kuona utachagua nini, kifurushi au Klara." Akakikumbatia kifurushi. "Santuri ya marehemu ipo nyumbani, ina vumbi tu. Jumamosi walete washenga. Ila mbele yangu, baba, uje na jina la ubatizo."