Niliandika "Lipumzike", Bosi Akaelewa Vingine

Admin, jina langu libaki hukohuko inbox, maana hapa mjini watu wa gereji wanajuana. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Makole, Dodoma. Nakagua mabasi ya kampuni moja inayopeleka abiria Kondoa, na bila saini yangu kwenye daftari basi halitoki. Tangu asubuhi situlii, nakaa nasimama, hata chai imenishinda.

Tuna basi moja kuukuu ambalo bosi alinunua na marehemu mkewe, na jina la mama yule limeandikwa juu ya kioo cha mbele. Chesisi yake, ile fremu ya chuma inayobeba basi zima, ina ufa. Tumeichomelea mara tatu, ufa unarudi palepale. Mwezi uliopita nilitakiwa kuandika "liuzwe skrepa", lakini mkono ukagoma. Huyu mzee ndiye aliyenisomesha chuo cha ufundi baba alipofariki. Nikatafuta neno la heshima, nikaandika "Lipumzike", nikimaanisha lipumzike milele, kama tunavyosema kwa marehemu.

Ujinga wangu jamani. Gereji kwetu, basi kupumzika ni kulala siku mbili, limwagwe oili, kisha lirudi barabarani. Siku ya tatu mimi nilikuwa msibani Buigiri, bosi akasaini mwenyewe badala yangu. Likaacha njia karibu na Chemba, likaingia shamba la mtama. Mama mmoja abiria alivunjika mkono, mwanawe wa mgongoni Mungu akamnusuru.

Nilimfuata ofisini. "Shikamoo mzee. Lile basi niliandika lipumzike."

"Marahaba mwanangu. Si lilipumzika siku mbili?"

Nilitoka pale nikijichukia, na mpaka leo sijamweleza nilimaanisha nini.

Sasa limechomelewa mara ya nne. Leo amenisogezea daftari: "Saini, mwanangu. Mama yako hawezi kulazwa uani pamoja na vyuma chakavu." Nimemwambia nitasaini jioni. Nikiandika skrepa, nitakuwa nimemzika mkewe mara ya pili, na kazi sina.

Ndugu zangu, jina la basi nimelificha kama nilivyoficha langu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi linapakia abiria wa Kondoa, na pengine wengine ni ninyi mnaosoma hapa. Nishaurini kabla ya jioni, niandike nini?